Vijiko Vinne vya Tobias

Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu, Bwana Mahesh, Daktari Indu, wazazi mliotoka mitaa ya Satellite na Muthangari, wachezaji wangu wa raga, mabibi na mabwana, hamjambo.

Mwenyekiti amenisifu kwa miaka kumi na tisa ya ukocha, nami nilikuwa nimeandaa hotuba ya shukrani. Nimeiacha nyumbani. Leo nitasema habari za Tobias Wesonga, kwa sababu wengi wenu mlimzika mwaka jana, 2005, bila kujua nilichomfanyia.

Tobias alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mpole, mwenye mbio za kutisha, ila mwembamba. Nilitaka aongeze kilo sita kabla ya mchujo wa timu ya taifa. Rafiki yangu aliniletea kopo la kreatini, ule unga wa kuipa misuli nguvu. Maandishi yalisema kijiko kimoja kwa siku. Nikamwambia, "Wewe kunywa nne." Je, nilimpeleka kwanza apimwe? Sikumpeleka. Nikamkimbiza mchana kutwa katika jua la Februari, na maji nikamnyima, eti namkomaza.

Siku ya tisa akaniita kando. "Kocha, mkojo yangu imekuwa kama chai ya rangi. Na miguu zinauma sana."

"Hiyo ni misuli inajengeka," nikamjibu. "Rudi uwanjani."

Akarudi. Ndugu zangu, alirudi kwa sababu aliniamini!

Alianguka kabla ya saa kumi. Daktari Indu, aliyempokea hospitalini, aliniambia waziwazi: figo zake zilikuwa na kasoro tangu utotoni, na kipimo kidogo tu kingeionyesha. "Usilaumu unga peke yake," alisema. "Ni kiu, ni jua, ni wewe kukataa kumsikiliza." Siku kumi na moja baadaye Tobias akafariki, akiwa na miaka ishirini na miwili.

Mama yake, Mama Rael, ameketi pale mbele. Mwezi uliopita nilikwenda kwake nikakiri yote. Hakunipigia kelele.  Alisema tu, "Hayo umeniambia mimi, na mimi nishamzika. Enda uwaambie wale bado wako na watoto huko kwako."

Ndiyo maana leo ninaacha ukocha, si kwa sababu ya umri. Wachezaji, kocha akidharau maumivu yako, toka uwanjani, hata kama kocha huyo ni mzee unayempenda. Na ile ngao mliyonitengenezea, Mwenyekiti, siwezi kuipokea.

Mama Rael, nimewaambia. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza hadi mwisho.