Goti la Kalervo

Hilkka: Haloo? Nani mwenzangu? Haloo—

Kalervo: Mimi, mama. Kalervo. Shikamoo.

Hilkka: Marahaba, mwanangu. Sauti inakwaruza, uko wapi?

Kalervo: Nje ya uwanja wa barafu, kwenye theluji. Timu ya hoki wameniacha, mama.

Hilkka: Wamekuacha vipi? Si wewe nahodha wao—

Kalervo: Mkataba hawanipi. Fedha yangu anapewa Eetu.

Hilkka: Eetu huyu mpangaji wangu?

Kalervo: Huyo huyo anayelala kitanda changu cha zamani na kumaliza mikate yako! Gongo nimemfunza mimi kulishika. Eti mzee hakui tena, chipukizi ndiye wa kumwagiliwa.

Hilkka: Ana mbio, lakini.

Kalervo: Mama!

Hilkka: Nasema tu.

Kalervo: Ng'ombe hazeeki maini.

Hilkka: Maini hayakimbii barafuni, baba.

Kalervo: Haya. Jezi yangu wataitundika darini mwa uwanja kuniaga, watu wapige makofi. Matanga, na marehemu kakaa mstari wa mbele!

Hilkka: Si heshima hiyo?

Kalervo: Ya kufukuziwa. Sasa nisikilize. Kocha kaniambia, "Goti lako la kushoto limekwisha." Kajuaje? Daktari wa timu sijamwonyesha. Nalifunga kitambaa, nacheza. Hata mke wangu hajui. Nalifungua pahala pamoja tu: kwenye mvuke wa sauna yako, Jumamosi.

Hilkka: [kimya]

Kalervo: Mama?

Hilkka: Mtandao huu... unakatika—

Kalervo: Haukatiki. Nakusikia unapumua.

Hilkka: Lilivimba kama kabichi, Kalervo. Ukapanda ngazi umeshika ukuta, kama marehemu babako siku zile za—

Kalervo: Ulimwambia kocha?

Hilkka: Alikuja kumchukua Eetu. Nikamkaribisha kahawa.

Kalervo: Kahawa!

Hilkka: Nilitaka akupumzishe wiki mbili tu! Ningejuaje kama wana—

Kalervo: Msimu mmoja, mama. Niliwaomba mmoja tu.

Hilkka: Jumamosi uje. Nitawasha sauna mapema, nilikande goti.

Kalervo: Jumamosi mwashie Eetu.

Hilkka: Usinene hivyo, mwanangu. Na siku ya jezi... nije?

Kalervo: [mkwaruzo] —betri inazima, baridi hii—

Hilkka: Nije, Kalervo?

Kalervo: Kocha atakuwekea kiti. Haya, kwaheri—

Hilkka: Ngoja! Usilitembelee hilo goti kwenye theluji, mwite mkeo aje na gari. Haloo? Baba? ... Haloo?