Ufunguo Namba Kumi na Saba wa Mzee Hyacinthe

Leo Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025, Mzee Hyacinthe Mulamba anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika kitengo chetu cha viwanja na majengo ya umma hapa Rumonge. Miaka thelathini na mitatu si mchezo. Kuna watoto waliozaliwa, wakasoma, wakaoa na kujenga katika muda huo, na kuna dosiye, yaani faili za maombi ya watu, mezani kwake ambazo hazijageuzwa hata upande.

Nimeombwa niandike wasifu huu mimi, Consolée, kwa sababu inasemekana ndiye niliyefanya naye kazi kwa karibu zaidi. Ukaribu wenyewe ni wa mita hamsini. Kwa miaka kumi na tisa yeye alishika ncha moja ya utepe wa kupimia na mimi nikashika nyingine, na kwa bahati ambayo sijaielewa mpaka leo, ncha yake ilikuwa kivulini kila siku na yangu ilikuwa matopeni. Kwa hiyo naona nina haki ya kusema mawili matatu. Kabla ya kuchapisha nilimpelekea maandishi haya ayasome na kuyasaini. Ameyasaini.

Mzee Hyacinthe aliingia kazini mwaka 1992, kijana mwembamba wa Minago mwenye diploma ya upimaji, baiskeli moja, na suruali iliyopigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukata muhogo. Kazi ya mtu wa mipango ya mji ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kujua kipi ni cha watu wote: uwanja upi, nyumba ipi, ufukwe upi. Ya pili ni kuhakikisha hao watu wote wanavitumia. Sehemu ya kwanza aliimudu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Ya pili alikuwa bado anaitafutia nafasi mpaka jana mchana.

Ukimwuliza mtu yeyote mjini maneno ya Mzee Hyacinthe ni yapi, atakujibu bila kufikiri: “Dosiye iko njiani.” Ameyasema kwa wajane, kwa mapadri, kwa masheikh, kwa waalimu wakuu. Mama mmoja wa Bugarama alikuja na mtoto mgongoni kuomba kipande cha kuuzia ndizi sokoni, akaambiwa dosiye iko njiani. Yule mtoto sasa anaendesha pikipiki, na ndiye humleta mama yake kuulizia.

Msimamo wake haukuyumba hata mbele ya ziwa. Mnajua sheria: ukanda wa mita mia na hamsini kutoka majini ni wa umma, haujengwi. Sasa, ili kupima lazima uanze mahali. Mzee akapanda jiwe la zege pale Minago, palepale maji yalipoishia, akalipaka chokaa na kuliandika namba kwa mkono wake. Miaka ikapita, ziwa likapanda kama mlivyoona wote, likala michikichi, likala vibanda, likalizunguka na lile jiwe. Mtu mwingine angepima upya. Mzee Hyacinthe aliniita niandike barua, na nakala ninayo, kwamba jiwe lipo mahali pake na ziwa ndilo lililovuka mpaka bila kibali. Barua ilibandikwa ubaoni siku thelathini, ziwa lisilete majibu. Siku hizi wavuvi wa Minago hufunga mitumbwi yao kwenye lile jiwe, na wanapaita Gati la Hyacinthe. Ni gati pekee lililojengwa na kitengo chetu, tukubali hivyohivyo.

Ukanda huohuo ndio uliotupa uamuzi wake maarufu kuhusu viti. Jamaa mmoja alikuwa akiuza brosheti, mishikaki ya mbuzi, ufukweni, ameweka viti vinne vya plastiki. Mzee akaamua kwamba kiti kinachokaa mahali pamoja siku tatu ni ujenzi. Hakucheka alipoyasema haya, na sisi tulicheka tulipofika nyumbani. Yule jamaa, kwa miaka minne, kila asubuhi alisogeza viti vyake shubiri moja. Vilipofika karibu na geti la shule akarudi alikoanzia, na Mzee akampongeza kwa kuheshimu sheria.

Lakini nisimwonee. Uwanja wa mpira ulio nyuma ya soko ungekuwa stesheni ya mafuta leo kama si yeye. Walikuja watu wazito na magari yenye vioo vyeusi na tingatinga nyuma yao. Mzee Hyacinthe akatoka bironi, ofisini kwake, na kofia yake, akaketi juu ya jiwe la mpaka, akawaambia tingatinga iko na haki ya kupita ikileta barua. Aliketi pale tangu asubuhi mpaka jioni, na mimi ndiye niliyempelekea maji. Tingatinga ikarudi. Siku ile nilimpenda kama baba yangu, na sioni aibu kusema. Ubaya ni kwamba mtu aliyesema hapana kwa simba, kesho yake aliisema kwa sauti ileile kwa mama muuza ndagala, hawa dagaa wa ziwani.

Hapana yake ilimkosa mtu mmoja tu, naye ni rafiki yake Anwari, mfanyabiashara wa saruji. Mwaka 2009 Anwari aliingiza mifuko yake katika nyumba ya umma iliyokuwa wazi, akaweka na kiti chake mlangoni, hana hata karatasi ya kufungia karanga. Watu wakalalamika. Mzee hakutaka kumtoa rafiki, wala hakutaka kuonekana amevunja sheria, basi akatunga sheria. Ndiyo ile Nota Namba Nne, ambayo bado iko ukutani na bado ina muhuri: mtu yeyote aliyeketi ndani ya jengo la umma mbele ya mkuu wa kitengo na mashahidi watatu, na mkuu asiandike pingamizi kabla jua halijazama, huyo ni mkaaji, na hatolewi ila kwa barua kutoka juu. Tangu mwaka ule haijashuka barua hata moja. Anwari yumo mpaka leo, amenenepa, na amealikwa hapa. Karibu, Anwari.

Sasa tufike kwenye hangari.

Hangari hii mliyoketi ndani yake ilijengwa mwaka 2014 kwa ajili ya wamama wanaokausha ndagala. Jua likiwaka hawana shida, wanaanika mchangani. Ila Oktoba mvua ikifunguka, ndagala za juzi na za leo zote zinahitaji paa, la sivyo zinaoza. Siku ya kupima msingi nilishika ncha yangu ya utepe, na Mama Kulthumu, mkubwa wa wale wamama na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaniuliza wataingia lini. Nikamwambia ni mwezi mmoja tu. Ulimi hauna mfupa, jamani. Huo mwezi mmoja umekuwa miaka kumi na moja, na kila asubuhi nafungua dirisha naonana naye uso kwa uso.

Kosa la hangari lilikuwa nini? Paa lipo, sakafu ipo, mlango upo. Kosa lake ni kwamba haijazinduliwa. Mzee Hyacinthe alitaka ikatwe utepe na mgeni mkubwa. Mgeni wa kwanza alihamishwa kazi, wa pili aliugua, wa tatu alifika Rumonge akala samaki wetu wa mukeke akarudi Bujumbura. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku kwetu mgeni hakuja na mwenyeji akafungiwa nje. Jengo lisilozinduliwa, alisema Mzee, kisheria bado halipo. Akatia kufuli, na ufunguo namba kumi na saba akautundika pamoja na funguo za nyumbani kwake, karibu na kifungulia chupa.

Mwezi wa tatu mwaka jana mvua ilipiga siku nne. Mama Kulthumu alikuja bironi, maji yanamchuruzika kwenye kitenge, akasimama mbele ya meza. Maneno yao nayakumbuka kwa sababu nilikuwa nyuma ya kabati natamani ardhi inimeze. “Shefu,” alisema, “ndagala haziko na subira. Zinaoza leo, hazingoje Jumatatu.” Mzee akamjibu kwa upole kabisa kwamba dosiye iko njiani. “Basi hiyo dosiye iko inatembea na miguu,” Mama Kulthumu akasema, akatoka. Jioni nilimwona ufukweni na wenzake wanamwaga mifuko ishirini na miwili kwa mabata. Ndani ya hangari, hatua sitini kutoka pale, palikuwa pakavu. Nilikasirika. Siku ile sikumpenda kama baba yangu.

Nimengoja tangu siku hiyo, na nimejifunza kwa Mzee mwenyewe kwamba mtu asipigane na karatasi, atafute karatasi nyingine.

Mwezi uliopita tuliunda kamati ya sherehe hii. Mzee alitaka ukumbi mkubwa, na ni haki yake. Tukaanza kutafuta. Ukumbi wa vijana aliufunga mwenyewe mwaka 2017 usubiri vipimo. Ukumbi wa shule una mgogoro wa mpaka alioufungua yeye. Uwanja wa mpira haukodishwi, kwa amri yake. Ua wa biro una jiwe la mpaka katikati. Ufukweni tusingeweza kwa sababu ya habari ya viti. Nilimpelekea orodha, akaisoma, na hiyo aliisoma kweli. Rumonge nzima, mtu aliyeitunza miaka thelathini na mitatu, hakuwa amejiachia hata chumba kimoja cha kuagiwa. Nikamwambia taratibu kwamba kuna hangari moja ambayo kisheria bado haipo, kwa hiyo haina katazo. Macho yake yakang'aa. Akasema ni wazo la mtu aliyesomea kazi. Murakoze, asante sana, Shefu.

Jana alinipa ufunguo nikapange viti, akanisisitiza niurudishe. Nilipofungua nilikuta utepe wa uzinduzi umeliwa na panya, na mkasi umelala juu ya mto wake mwekundu, umeota kutu. Vingine vyote vilikuwa vizima. Nimefagia.

Leo asubuhi, kabla karatasi hizi hazijatoka kwenye mashine ya kuchapa, ilifanyika kukabidhiana kati ya Mzee Hyacinthe na mkuu wetu mpya, Mama Irakoze. Orodha ya Mzee ilikuwa na funguo sitini. Mimi nikaweka mezani wa sitini na moja, ule namba kumi na saba. Mzee alifungua kinywa, akatazama muhuri, na muhuri ulikuwa umeshavuka meza. Mama Irakoze akahesabu, akaandika sitini na moja, akasaini, na hangari ikawa jengo la umma lililopo kisheria. Yeye husoma kwanza, tutazoea.

Sasa, ndugu wageni, neno moja kuhusu mpangilio wa viti. Mistari mitatu ya mbele wameketi Mama Kulthumu na wenzake ishirini na sita. Wameketi tangu saa tano. Harufu mnayoisikia si ya chakula, msimlaumu mpishi, na mifuko iliyo chini ya viti vyao si zawadi za mstaafu. Nota Namba Nne inataka mashahidi watatu, na kamati, kwa tahadhari, imealika mia moja na arobaini. Sheria inataka mkuu wa kitengo awepo, na yupo, Mama Irakoze, yule pale mwenye kilemba cha kijani. Sheria inampa nafasi ya kuandika pingamizi kabla jua halijazama. Nimemwuliza mara mbili mbele za watu, na mara mbili amejibu kwamba leo hakuja na kalamu. Sherehe imepangwa kuisha saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa limeshaingia Kongo.

Mkuki kwa nguruwe, Shefu, unaijua mwenyewe iliyobaki. Nota ni yako, muhuri ni wako, mahali ulipasaini wewe. Na kama ndiyo kwanza unasoma sasa hivi, karibu katika wasifu wako. Hasira ikikupanda, kumbuka ulichokifanya juu ya lile jiwe mbele ya tingatinga. Hawa wamama wanafanya hichohicho, na walikuwepo siku ile wakitazama.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote nakushukuru kwa uwanja wa mpira, kwa gati la Minago, na kwa kunifundisha kwamba kipimo kikishaandikwa hakifutwi. Tunakuombea afya njema, mawese ya nyumbani yasiyokatika, na jioni nyingi za kuangalia watoto wa mji wakipiga mpira pale ulipoketi. Tumesikia unataka kujenga kibaraza kule Minago, na ombi lako limefika bironi. Mama Irakoze analishughulikia. Dosiye iko njiani.

Mwisho wa sherehe wageni wote mtaombwa kusimama kumpigia Mzee Hyacinthe makofi akitoka mlangoni. Wamama wa mistari mitatu ya mbele watampigia wakiwa wameketi.