Nguzo ya Nne ya Gati la Duluti

Tarehe 30 Juni 1954, Mzee Yoeli Akyoo wa Tengeru anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kulitunza gati la mitumbwi ya uvuvi ziwani Duluti. Gati lina nguzo nane na mitumbwi saba. Wakubwa kadhaa wameiona hesabu hiyo kuwa mbovu. Si mbovu.

Alianza kama kibarua wa kubeba mawe. Kazi alijifunza kwa macho, kama baadhi yetu wavuvi wa hapa. Ngazi ya mawe wanayoshukia wanunuzi wa perege ni yake, ingawa kibao kina jina la bwana ambaye hakuwahi kulowa hata soksi. Kibao tumekizoea, kukisahau, bado. Kwenye mafundo hakuwa na masihara. Fundo baya alilifungua mbele ya mwenyewe: "Hapo umefunga mbuzi, hujafunga mtumbwi."

Nguzo ya nne ni ya mdogo wake, Dismasi, aliyeingia ziwani kuvua mwaka 1934 asirudi, yeye wala mtumbwi. Kwa kuwa hapakuwa na cha kuzika, ukoo ulifunga jani la isale, mmea tunaoupanda makaburini, kwenye nguzo ile na kumwachia nafasi yake. Kila asubuhi Yoeli aliikuta imelowa, kama iliyofunguliwa kamba sasa hivi. Aliifuta kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Mara mbili aliitwa mjini Arusha kwa cheo kikubwa zaidi. Alikataa.

Mwaka juzi inspekta mmoja aliamuru mtumbwi mpya ufungwe hapo. Asubuhi mitumbwi yote minane ilikuwa katikati ya ziwa, imejipanga vilevile, pua zikitazama gati. Upepo haukuwapo. Kamba hazikukatwa, kila moja ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya nguzo yake. Inspekta akasema ni wahuni.

"Wahuni gani hao, bwana, wanaokunja kamba?" akauliza Mama Penina, mkewe Yoeli. Bwana akapanda gari lake. Yoeli akairudisha mitumbwi, mmoja mmoja; ule mpya akaupandisha ufukoni.

Sasa ofisi inasema kuanzia Julai mtumbwi ule utarudishwa nguzo ya nne, maana mlinzi wake anaondoka. Yoeli hakuomba zawadi ya kuagwa. Aliomba nafasi ile iachwe. Hajajibiwa. Basi tukapiga hesabu wenyewe: mitumbwi minane, na Dismasi, nguzo tisa. Jumamosi tulikwenda na gogo la mti mgumu wa loliondo na nyundo. Pale chini ni mwamba, tulijua tutagonga hadi jioni. Gogo lilishuka lenyewe, polepole, limesimama wima, likakomea penye alama yetu, kama lililopokelewa.

Mama Penina peke yake aliinama majini.

"Asante, shemeji."

Mzee Yoeli, nasi tunakushukuru. Nenda kwenye kahawa na migomba yako, ulale mpaka jua litoke, na Mungu akuzidishie siku njema. Nafasi ya mdogo wako haitaguswa.