Jina Nililomvisha Mwingine

Assalamu alaykum, mama zangu, wadogo zangu. Mniwie radhi nizungumze nimekaa. Magoti haya yaliishia uwanjani.

Mlionijua zamani mnajua nilikuwa kocha wa netiboli wa chuo cha ualimu. Kabati la mkuu wa chuo lilijaa makombe yangu. Lakini kushinda kunachosha, jamani. Ukishazoea, unaogopa kila mechi.

Basi zikaja zile zama za ruksa, biashara ilipoachwa huria. Viwanda vikafungwa, timu za wafanyakazi wake zikavunjwa, wachezaji hodari wakabaki mtaani wanauza vitumbua. Nikamchukua mmoja, mfungaji hatari, nikamvisha jezi ya chuo. Mamluki, ndivyo tulivyomwita mchezaji wa kuazima asiye mwanachuo. Nikajidanganya kwamba kila kocha anafanya hivyo. Kwenye orodha nikamwandika kwa jina la binti wa mwaka wa kwanza, mpole, aliyekuwaga benchi siku zote. Nikamwambia yule binti, "Siku ya fainali wewe ubaki bwenini." Akasema, "Sawa, mwalimu."

Ndugu zangu, nawaambia, sikujua kuwa kashampelekea mama yake habari kwamba yumo kwenye timu. Mama wa watu akatoka Goba, enzi hizo Goba shamba, kavaa khanga mpya, akakaa mbele kabisa. Kipaza sauti kikataja jina la mwanawe. Akapiga kigelegele. Kisha akamtazama aliyeingia, akasimama.

"Jamani, huyo si mwanangu! Mwanangu yuko wapi? Mmemfanya nini?"

Alidhani binti kafa, sie tunamficha. Alilia mbele ya watu mpaka mtoto alipoletwa kutoka bwenini.

Wapinzani wakapewa ushindi, nami nikaondolewa kazini. Hayo nilistahili. Kilio kile ndicho kilichoninyima usingizi. Nikajifungia ndani hapo Keko, arusi siendi, msibani siendi. Nilijichukia, siwafichi.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, nikasikia hodi. Mama yule, na binti yake. Nikaanguka miguuni pake.

"Inuka, mwalimu," akasema. "Sikuja kukusamehe. Huyu kamaliza miaka yake miwili ya chuo, kapangiwa shule hapa Temeke, kaambiwa afundishe netiboli. Hajui, maana hukumfundisha. Sasa mfundishe."

Nikavaa raba nikatoka. Ndiyo siku niliyopona, ingawa mwenyewe nilidhani naadhibiwa.

Namshukuru mama yule kwa kunibishia hodi, nanyi majirani mlionisalimia hata nisipoitikia. Ninachowaomba ni kimoja: mtoto wa mwenzio ukikabidhiwa, usimfanye ngazi.

Binti nimemwomba radhi mara nyingi. Anasema bado anafikiria, nami simharakishi. Mpaka leo, kila Jumamosi namsaidia kufundisha wasichana wa shuleni kwake. Wote wanaingia kucheza, hata asiyejua kudaka. Tunafungwa karibu kila wiki, wazazi wanashangilia, nami nikirudi nyumbani nalala usingizi.