Mama Nukta na Neno "Wengineo"

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, karani wa ofisi ya kanisa letu anafunika mashine yake ya kuchapa kwa mara ya mwisho. Sote tunamwita Mama Nukta, tangu siku aliporudisha barua ya askofu kwa sababu sentensi ya mwisho haikuwa na nukta. Askofu aliitia nukta hiyo. Hakuna mwingine aliyewahi kumfanya askofu amalize jambo.

Aliajiriwa kwa miezi mitatu tu, kushika nafasi ya karani aliyekwenda kujifungua. Tangu hapo amehudumia wachungaji saba, na paa moja lililovuja chini ya wote saba. Kanuni yake ya kazi ni fupi: anachapa alichopewa, mradi kiwe kweli. Baraza la wazee lilipompa tangazo kwamba mkutano wa kikundi cha Mashujaa wa Imani umeahirishwa kwa sababu ya manyunyu, alilibandika mlangoni neno kwa neno, kwa herufi kubwa. Mashujaa walimnunia hadi kiangazi.

Lakini tusijidanganye. Hatumkumbuki kwa ajili ya manyunyu.

Miaka sita iliyopita treni mbili ziligongana asubuhi. Watu sitini na watatu walikufa, bendera zikapepea nusu mlingoti nchi nzima. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo dereva wa mojawapo ya treni hizo. Ilisemekana alisinzia. Kabla hajazikwa alikuwa ameshahukumiwa na kila mwenye mdomo. Mama yake, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya kanisa, akafunga mlango wa mbele na kushonea ndani, maana wapita njia walikuwa wakimtukania mtoto.

Kanisa likaandaa ibada ya maombolezo. Baraza lilikaa saa tatu kutafakari huruma, likatoka na orodha: waumini wetu kumi na mmoja kwa majina kamili na vyeo vyao, kisha maneno "na wengineo". Wengineo walikuwa watu hamsini na wawili: wa madhehebu mengine, wa dini nyingine, wasio na dini, na dereva.

Yule fundi alifika ofisini kuuliza kama mwanawe atatajwa.

"Mama yangu, tuelewane," mwenyekiti wa baraza alimjibu. "Hii ni ibada ya wahanga."

"Na mimi nimezika nini, baba?"

Mwenyekiti akatazama saa yake.

Mama Nukta alisikia yote, kwa kuwa dawati lake liko hatua mbili kutoka mlango wa mwenyekiti. Fundi alipoondoka, karani wetu alichukua gazeti lenye orodha ya serikali, akachapa majina yote sitini na matatu kwa alfabeti, bila vyeo wala madhehebu. Dereva akaangukia kati ya mkwe wa mzee wa kanisa na muuza magazeti.

Hapo karama ya mwenyekiti ikatufaa. Mwenyekiti wetu hapitii karatasi kabla ya kuisoma mbele ya watu. Husema Roho atamwongoza. Siku ya ibada Roho alimwongoza vizuri mno. Jina la dereva lilishatoka kwenye vipaza sauti ndipo yeye akashtuka. Akainua macho kwenye karatasi. Kwenye benchi la mwisho fundi cherehani alisimama, akainamisha kichwa, akakaa. Mwenyekiti, kwa kukosa pa kukimbilia, akaendelea kusoma.

Jumatatu Mama Nukta aliitwa.

"Nani alikuruhusu kumwandika huyu?"

"Alikuwemo kwenye treni, mwenyekiti."

"Kwa hiyo sasa tunamwombea aliyeua?"

"Mimi nilichapa tu. Kuomba ni kazi yenu."

Akapewa barua ya onyo, ambayo ilibidi aichape mwenyewe, kwani hakukuwa na mwingine wa kuichapa. Alirekebisha makosa manne ya lugha, kisha akaisaini.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba alivuka mipaka. Hao wakumbushwe kuwa Bwana alikufa katikati ya wahalifu wawili, na kwamba kama baraza letu lingeandaa programu ya siku ile, yule aliyeahidiwa peponi angeingia chini ya "wengineo". Huruma inayoanza kwa kudai kadi ya ushirika ni usajili tu. Kijana yule huenda alisinzia kweli. Mama yake hajasinzia tangu siku hiyo. Na sasa baraza lilelile limetoa kipeperushi chenye picha ya ibada ile na maneno "Kanisa la Huruma kwa Wote". Mwenyekiti yuko mbele kabisa. Mama Nukta haonekani. Alikuwa mlangoni akigawa programu.

Tuliombwa tuandike hapa kwamba alikuwa mtumishi mtiifu. Tumejaribu, imetushinda. Tunachoweza kuandika ni kwamba Jumanne baada ya ibada ile fundi cherehani alifungua mlango wa mbele, akatoa cherehani yake nje, akashona mbele ya watu. Jirani mmoja akapita, akasita, akarudi kumpa pole.

Asante, Mama Nukta. Nenda ukalale hadi jua lipande, afya iwe nawe, na miaka yako ya mapumziko iwe mirefu kuliko vikao vyetu.