Mfuru wa Uani

Treni ilikuwa nusu tupu. Kando yangu, binti anayefanya kazi maabara alikuwa amepakata kikapu cha furu, yale matunda pori meusi. Mama mshonaji aliyeketi mbele yake akacheka. “Mwanangu, hicho si chakula cha nyani?”

“Basi nyani ana akili, mama. Tumezipima. Zinakinga seli za mwili zisichakae, tena zimeyashinda machungwa tuliyoyapima.”

“Makubwa! Na mfuru wangu wa uani unakatwa leo, nijenge chumba cha vyerehani.”

Binti akashika kichwa. “Usiukate, mama yangu!”

“Nikashonee juu ya mti?”

Sijapata kuona mtu akiutetea mti kama ndugu yake wa damu. Treni iliposimama, mama akashuka. Binti, aliyeniambia anakwenda mwisho wa reli, akamfuata mbiombio.