Gari Kumi za Pumba, Ndoo Mbili za Maji

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lililoegemezwa tofali, mkabala na geti la kiwanda kipya. Wenye benchi ni watatu: Profesa, kinyozi aliyepewa jina hilo kwa kuwa huwanyoa walimu; Kamanda, mlinzi mstaafu; na Dobi, ambaye asubuhi hiyo hakuwa amegusa kahawa yake. Binti yake alikuwa ameitwa kazini humo kiwandani, aripoti kabla ya saa sita, na baba mtu hakuwa ametoa ruhusa. Alikuwa anaogopa, tusifichane, na wenzake walikuwa wanamchochea tu.

— Nimehesabu mwenyewe, Kamanda alisema. Zimeingia gari kumi za pumba na maganda ya mihogo. Zimetoka ndoo mbili za maji!

— Haba na haba hujaza kibaba, Profesa alisema.

— We naye! Hapa vibaba kumi vimejaza haba. Zingine kala nani?

— Binti anasema wanafuga bakteria, Dobi alijibu. Wako kwenye pipa la chuma. Wakila pumba wanatoa vimeng'enya, ndivyo vinatiwa kwenye sabuni kula madoa.

— Kumbe vinakula! Vikimaliza doa je?

— Vinahamia kwenye shati, Profesa alisema.

— Na shati likiisha?

Wote watatu wakajikuna mgongo. Dobi alitazama vidole vyake. Tangu aanze kutumia sabuni mpya yenye vimeng'enya hivyo vilikuwa vimelainika mno, na jambo hilo sasa halikumpendeza hata kidogo.

— Mimi nimetega sikio pale ukutani, Kamanda aliendelea. Kimya! Umeona wapi mfugo usiolia?

— Umeshiba, huo. Unasubiri kukua. Ndiyo maana wahenga wakasema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki wametokea wapi tena, Profesa?

— Watatokea tu! Pipa si lina maji?

Hapo binti akafika, vyeti mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu kwa pamoja.

— Baba, imebaki nusu saa.

— Mwanangu, hawa baba zako wadogo wana mashaka na hiyo mifugo yenu. Hata mimi ninayo.

— Sawa, baba. Kwani kati yenu, nani ameshaingia mle ndani?

Profesa akaanza kutafuta kifungo cha koti. Kamanda akainua kikombe kilichokwisha zamani, akakinywa hivyo hivyo. Dobi aliona haya. Miaka kumi alikuwa amefua mashuka ya watu ili mtoto huyu asome mambo hayohayo, na leo alikuwa anamwekea kizuizi kwa ushahidi wa ukuta.

— Nenda, mama, alisema. Jioni unieleze mimi kwanza, kabla ya hawa.